Kinga Iliyolala Haijafa

Mwezi Agosti 2020 watafiti wa Hong Kong walitoa taarifa ya mwanamume wa miaka 33 aliyeugua UVIKO-19, akapona, kisha siku 142 baada ya ugonjwa ule wa kwanza akakutwa tena na kirusi alipopimwa uwanja wa ndege akitokea Ulaya. Walipolinganisha vinasaba vya kirusi cha kwanza na cha pili waliona havifanani. Hayakuwa mabaki ya ugonjwa wa zamani, yalikuwa maambukizi mapya. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kuthibitishwa kwa ushahidi wa maabara, na habari ikasambaa ikiwa na tafsiri moja tu vinywani mwa watu: kupona hakukuachii chochote. Lakini taarifa ile ilikuwa na nusu ya pili, ambayo haikusafiri mbali kama nusu ya kwanza. Mara ya kwanza mtu yule alikohoa, akapata homa, akaumwa koo na kichwa. Mara ya pili hakuhisi kitu. Asingepimwa pale uwanjani, huenda asingejua kabisa kwamba kirusi kimepita tena mwilini mwake. Nusu hiyo ya pili ndiyo ninayoitetea hapa, kwa sababu naona ndani yake mna somo ambalo miaka ile ilitufundisha na sisi tukalipita njiani bila kuliokota.

Swali la wakati ule lilikuwa lilelile kila mahali: aliyepona ana kinga ya muda gani? Ni swali la haki, ila lina kosa ndani yake. Linaichukulia kinga kama pakiti ya maziwa, kitu kimoja chenye tarehe moja ya kuharibika. Mwili hauna kinga moja. Una uwezo wa kuzuia kirusi kisiingie. Una uwezo wa kukidhibiti kikishaingia, kisikulaze. Na una uwezo wa kuhakikisha kwamba hata kikikulaza, utaamka. Kila uwezo una askari wake, una mahali unapokaa, na una umri wake. Ule wa kwanza huchakaa upesi, wa mwisho huweza kwenda na mtu hadi uzeeni. Hoja yangu ni kwamba kumbukumbu ya mwili, hasa kwa magonjwa ya njia ya hewa, kazi yake kubwa haiko mlangoni. Iko ndani ya nyumba. Tukiipima kwa kuhesabu mara ngapi mlango umefunguliwa, tutaiona dhaifu siku zote, na tutafanya maamuzi mabaya kwa sababu ya kipimo kibaya.

Tuanze na kile kinachopimika kwa urahisi, yaani kingamwili. Kirusi kinapoingia, seli nyeupe za damu zinazoitwa seli B huzaliana kwa wingi, na baadhi yake hugeuka kuwa viwanda vya kingamwili. Kiasi cha kingamwili katika damu hupanda kama bei ya sukari Ramadhani inapokaribia, kisha miezi michache baadaye hushuka. Mwaka 2020 mshuko huo ulisomwa kama kufutika kwa kinga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, hawakuridhika na damu inayotolewa mkononi. Waliwafuatilia watu 77 waliopona, wengi wao wakiwa waliugua kidogo tu, na kwa baadhi yao wakachukua sampuli ya uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Kingamwili za damuni zilishuka kwa kasi katika miezi minne ya kwanza, kisha mshuko ukapungua sana. Na katika uboho wa watu 15 kati ya 19, zaidi ya nusu mwaka baada ya kuugua, walikuta seli zilizokaa kimya zikiendelea kutengeneza kingamwili za kirusi kile kile. Utafiti mwingine wa Marekani, uliowachunguza watu 188 hadi miezi minane baada ya kuugua, ulikuta kwamba seli B za kumbukumbu zilikuwa nyingi zaidi mwezi wa sita kuliko mwezi wa kwanza. Kwa maneno mengine, wakati kipimo cha damu kikionyesha kushuka, ghala lilikuwa linajazwa.

Hakuna ajabu hapo kwa mtu anayefikiria gharama. Nchi ikimaliza vita haiwaachi askari wote barabarani na bunduki zao; wengi huagwa, wachache hubaki kambini, na orodha ya majina hutunzwa ili siku ya kuitana wasitafutane. Kingamwili nyingi damuni ni jeshi la barabarani. Uboho ni kambi. Seli B za kumbukumbu ni orodha. Na kuna kikosi kingine ambacho kipimo cha kawaida cha kingamwili hakikioni kabisa: seli T, ambazo hazikisubiri kirusi nje ya seli bali huzisaka seli za mwili ambazo kirusi kimeshaziteka, na kuziangamiza kabla hazijamwaga virusi vipya. Mtu anayesoma kipimo cha kingamwili peke yake na kutangaza kwamba kinga imekwisha ni sawa na mtu aliyepita barabarani, asione askari, akahitimisha kwamba nchi haina jeshi.

Je, kambi hiyo hudumu? Ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003 unatupa jibu la kwanza. Miaka sita baada ya kupona, wengi wa waliochunguzwa hawakuwa tena na kingamwili zinazoonekana. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Singapore walipowapima watu 23 waliopona SARS, walikuta seli T zao bado zinakitambua kirusi kile, miaka 17 baadaye, na zaidi ya hapo zilikitambua hata kirusi kipya cha korona kilicho ndugu yake. Wahenga wetu walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hapa seli ziliumwa na nyoka mmoja zikamshtukia nyoka mwingine. Kwa mafua makali ya mwaka 1918, ushahidi ni wa muda mrefu zaidi. Mwaka 2008 zilichapishwa habari za wazee 32 wenye umri wa kati ya miaka 91 na 101, ambao walikuwa watoto wakati wa janga lile. Damu zao bado zilikuwa na kingamwili za kirusi cha 1918, na kutoka kwa baadhi yao zilipatikana seli B zilizoweza kutengeneza kingamwili kali dhidi yake. Karibu miaka 90 ilikuwa imepita.

Msomaji makini atasema kwamba hayo ni mambo ya maabara, na kwamba seli kukitambua kirusi ndani ya kichupa si sawa na mtu kubaki mzima. Ni pingamizi la haki, na dawa yake ni kutazama watu wenyewe. Mwaka 1846 surua, ugonjwa unaosambaa kwa hewa, uliingia Visiwa vya Faroe, kule kaskazini mwa bahari ya Atlantiki. Serikali ya Denmark ilimtuma daktari kijana, Peter Ludvig Panum, kwenda kuuchunguza. Kati ya wakazi wapatao 7,800, zaidi ya 6,000 waliugua. Surua haikuwa imeonekana visiwani humo tangu mwaka 1781, na Panum aligundua kwamba wazee waliougua mwaka ule, waliokuwa hai bado, hakuna hata mmoja aliyeugua tena. Uzito wa ushahidi huo uko kwenye ile miaka 65 ya katikati. Kirusi hakikuwepo visiwani kuwakumbusha wazee wale. Kumbukumbu ilijitunza yenyewe. Mfano wa pili ni wa mafua. Aina ya H1N1 ilitoweka mwaka 1957, ikarudi mwaka 1977 ikiwa karibu sawa na ile ya miaka ya 1950. Iliwalaza hasa vijana wa chini ya miaka 25 hivi. Wakubwa wao, waliokutana nayo kabla haijatoweka, kwa sehemu kubwa iliwapita. Hao si vichupa vya maabara, ni watu waliokuwa na kirusi mtaani mwao na hawakulala.

Hapo ndipo linakuja pingamizi zito kuliko lile la kwanza. Kama mwili una kumbukumbu ya namna hiyo, kwa nini mafua ya kawaida yanaturudia kila msimu, na kwa nini UVIKO-19 uliwapata watu mara mbili na tatu? Jibu lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kwamba virusi hubadilika, tena si vyote kwa kasi moja. Surua ya leo kwa macho ya kingamwili ni ileile ya zamani, ndiyo maana aliyeugua hupumzika maisha yake yote. Kirusi cha mafua hubadilisha sura kila baada ya miaka michache, na cha korona kimeonyesha tabia hiyo hiyo. Sehemu ya pili ni mahali pa vita. Surua huingia kwa hewa lakini hulazimika kusafiri mwilini kwa siku nyingi kabla mtu hajaugua, na muda huo unatosha kambi kuamka na kumkabili mvamizi. Mafua hayasafiri hivyo. Yanatua puani na kooni, na ndani ya siku mbili tatu yameshafanya kazi yake. Kingamwili za kwenye ute wa pua, ambazo ndizo zingeyazuia pale pale, ni za muda mfupi. Askari wa kambini akiitwa, mgeni ameshakaa sebuleni.

Lakini kukaa sebuleni si kuteka nyumba, na jambo hili lilipimwa zamani. Karibu na mji wa Salisbury, Uingereza, palikuwa na kituo kilichochunguza mafua kwa kuwaambukiza watu waliojitolea. Waliwekewa puani kirusi cha korona kinachosababisha mafua ya kawaida, kiitwacho 229E, na baada ya mwaka mmoja wakawekewa kirusi hicho hicho tena. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1990, yalionyesha kwamba wengi wa wale walioambukizwa mara ya kwanza waliambukizwa tena, kirusi kiliwakuta. Hata hivyo walikitoa kwa siku chache zaidi, na hakuna hata mmoja wao aliyepata mafua. Miaka 30 kabla ya yule msafiri wa Hong Kong, habari yake ilikuwa imeshaandikwa. Anayehesabu maambukizi atasema kinga ilishindwa mwaka mmoja tu baadaye. Anayehesabu wagonjwa atasema haikushindwa hata kidogo. Wote wawili wanasoma takwimu zile zile.

UVIKO-19 wenyewe umetupa hesabu hiyo kwa kipimo kikubwa. Mwezi Februari 2023 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 65 kutoka nchi 19, ukiwalinganisha watu waliowahi kuambukizwa na wale ambao hawajawahi. Dhidi ya kuambukizwa tena na aina ya Omikroni ya kwanza, kinga ya aliyepona ilikuwa imeshuka hadi asilimia 36 hivi ilipofika wiki ya 40. Dhidi ya ugonjwa mkali wa aina hiyo hiyo, katika wiki hiyo hiyo, ilikuwa karibu asilimia 89. Ukiuliza kinga ya aliyepona inadumu muda gani, utajibiwa nini hapo? Zipo namba mbili, zote za kweli, na pengo lililo kati yake ndilo pengo kati ya mlango na chumba cha kulala.

Kuna mji ambao hutajwa kila mara hoja hii inapotolewa, nao ni Manaus, katika msitu wa Amazon nchini Brazil. Kwa kutumia damu za wachangiaji, watafiti walikadiria kwamba kufikia Oktoba 2020 asilimia 76 ya wakazi walikuwa wameshaambukizwa. Waliotarajia kwamba janga limeishiwa kuni pale waliumbuka Januari 2021, hospitali zilipofurika na oksijeni kuisha. Siwezi kulipita tukio hilo kwa kuruka. Ila tukilitazama vizuri, halisemi kwamba kumbukumbu ya mwili ni hadithi. Kwanza, makadirio yale yalitokana na wachangiaji damu, na hao si sura kamili ya mji. Robo tu ya wakazi, wale wasiowahi kuambukizwa, katika mji wa watu zaidi ya milioni mbili, ni watu wengi mno kwa hospitali zozote. Pili, kirusi cha wakati ule kilikuwa aina mpya, iliyosambaa kwa kasi zaidi na kuzikwepa kwa sehemu kingamwili za zamani. Manaus inatufundisha jambo jingine: kumbukumbu iliyo ndani ya mwili wa mtu haimlindi jirani yake. Mimi nikiambukizwa bila kuugua, bado naweza kumpa kirusi yule ambaye mwili wake haujawahi kukiona. Waliojenga sera juu ya matumaini kwamba waliopona watakuwa ukuta wa wasiougua, walijenga juu ya kinga ya mlangoni, ile inayochakaa kwanza.

Na sitaki kuisifia kumbukumbu hii kupita kiasi, kwa maana nayo ina upofu wake. Methali ya nyoka na ung'ongo ina makali mawili, kwa sababu anayeushtukia ukuti anaweza pia kupoteza nguvu zake kwa kupambana na ukuti. Daktari Thomas Francis wa Marekani alionyesha, kufikia mwaka 1960, kwamba mwili ukikutana na mafua mapya hupenda kutoa kingamwili za mafua yale ya kwanza ya utotoni. Mazoea ya kwanza huuelekeza mwili maisha yote. Utafiti wa mwaka 2016 uliochambua wagonjwa wa mafua ya ndege ulikuta mwaka 1968 ukiwa mpaka: waliozaliwa kabla yake walikuwa na nafuu mbele ya aina ya H5N1, na waliozaliwa baada yake walikuwa na nafuu mbele ya H7N9, kwa sababu mwaka ule kundi la mafua yanayozunguka duniani lilibadilika, na kila kizazi kikabaki na alama ya mafua yaliyokikuta kichanga. Nafuu ya mmoja ikawa upungufu wa mwingine. Ndiyo maana chanjo ya mafua husukwa upya kila msimu: kuurekebishia mwili picha uliyonayo, kwa kuwa mvamizi amebadili nguo.

Yupo atakayechukua yote haya na kuyageuza dhidi ya chanjo. Kama kupona kunaacha kumbukumbu ya miaka 17, au 65, au 90, si bora kila mtu augue apone, kuliko kuchomwa sindano? Hoja hii huvutia kwa sababu inawahesabu waliopona tu. Wazee 32 wa mwaka 2008 waliweza kutoa damu kwa sababu walikuwa hai. Janga la 1918 liliua makumi ya mamilioni ya watu ambao hawakuitwa kwenye utafiti wowote. Kumbukumbu ya ugonjwa hulipiwa kwanza, na bei haijulikani mpaka uwe umeshalipa. Hata anayesalimika huenda akalipa kwa awamu. Mwenye kovu usidhani kapoa, na Shirika la Afya Duniani lililazimika, Oktoba 2021, kutoa maelezo rasmi ya hali inayofuata UVIKO-19, ambapo uchovu, kukosa pumzi na ukungu wa akili huendelea miezi mitatu au zaidi baada ya ugonjwa kuanza. Surua ni mfano mkali kuliko wote. Mwaka 2019 watafiti waliowapima watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, walikuta kwamba ugonjwa huo ulifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Surua humwachia mtoto kumbukumbu ya surua na kumnyang'anya kumbukumbu ya vichomi na maradhi mengine aliyokwisha kuyashinda. Chanjo ya surua haifanyi hivyo. Mzazi anayempeleka mtoto kliniki akiwa na miezi tisa, kisha miezi kumi na minane, humnunulia kumbukumbu ile ile bila kumpokonya nyingine.

Yote haya yana maana hata katika namna tunavyosoma takwimu zetu wenyewe. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, watafiti wa Kilifi nchini Kenya walipima sampuli 3,098 za wachangiaji damu, wakakadiria kwamba asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili za korona, Mombasa ikiwa asilimia 8, Nairobi 7.3 na Kisumu 5.5. Wakati huo wagonjwa waliothibitishwa nchini walikuwa maelfu machache tu, hivyo kirusi kilikuwa kimetangulia mbali kuliko vipimo vya hospitali. Uchunguzi wa aina hiyo ni wa thamani kubwa, mradi tukumbuke unachohesabu: unawahesabu askari wa barabarani. Ukifanywa mapema, unaonyesha kirusi kilikopita. Ukifanywa kwa kuchelewa, baadhi ya waliopona watahesabiwa kama ambao hawajawahi kuugua. Na popote utakapofanywa, hautakwambia nani atalazwa wimbi lijalo, kwa sababu hilo linaamuliwa kambini.

Kambi nazo hazilingani. Uzee hupunguza wepesi wa seli za kuitikia mwito, na magonjwa au dawa zinazodhoofisha kinga hufanya hivyo pia. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, liliacha kuwahimiza watu wote kwa sauti moja kuhusu chanjo za nyongeza za UVIKO-19, likawaweka mbele wazee, wenye maradhi makubwa, wenye upungufu wa kinga, wajawazito na wahudumu wa afya. Baadhi ya watu waliliona kama kukiri kwamba chanjo ilishindwa. Mimi naliona kama sera iliyofika, kwa kuchelewa, kwenye swali lililo sahihi. Kijana mwenye afya aliyechanjwa, au aliyeugua akapona, ana kambi inayotosha, hata akipiga chafya wiki nzima. Bibi yake wa miaka 80 anahitaji kukumbushiwa, kwa kuwa kwake umbali kati ya sebule na chumba cha kulala ni mfupi.

Magonjwa mengine ya hewa yatakuja, na taarifa kama ile ya Agosti 2020 itaandikwa tena: waliopona wameambukizwa. Huenda ikawa kweli kila neno. Kabla ya kuisambaza, tuulize jambo moja ambalo mara ile halikuulizwa kwa sauti ya kutosha: kati ya hao walioambukizwa tena, wamelazwa wangapi?